Mashabiki kama Wahakiki: Mapitio ya Katuni za Kisayansi kwa Jicho la Pwani ya Kusini

Neno ‘mhakiki’ linapotajwa katika darasa la fasihi ya Kiswahili, taswira inayojengeka aghalabu ni ya msomi aliyeinamia riwaya au diwani. Ni nadra kwa mwanafunzi kumfikiria kijana wa Ukunda au Msambweni ambaye, mara tu baada ya kutazama sehemu moja ya katuni ya kisayansi, huwaeleza wenzake barazani kilichofana na kilichoharibika, mhusika aliyebadilika bila sababu, na jambo analotarajia kutokea baadaye. Hata hivyo, kazi hiyo ina kanuni na maadili yake. Makala hii inaeleza kanuni hizo, kisha inadai kwamba mtazamaji wa Kwale anayekijua Kiswahili huona katika katuni hizi mambo ambayo mhakiki wa mbali hawezi kuyaona, na kwamba mambo hayo hayajapewa nafasi inayostahiki katika kurasa za Kiswahili.

Suala la istilahi litanzuliwe kwanza. Vijana wengi wa Kenya husema ‘episodi’. Neno ‘kipindi’ nalo hutumika, ila lina utata kwa kuwa hutaja programu nzima, muda wa somo darasani na hata majira. Katika makala hii ‘sehemu’ itatumika kwa kile kinachoonyeshwa kwa mkao mmoja, na ‘mfululizo’ kwa kazi nzima. Kuhusu katuni, wataalamu hupendekeza ‘uhuishaji’, nao Watanzania husema pia ‘vibonzo’; lakini anayetamka ‘uhuishaji’ mbele ya watoto wa Diani huenda akaulizwa kama ana maana ya katuni.

Hukumu ya katikati ya safari

Uandishi wa mashabiki haukuanza na televisheni. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha nchini Marekani jarida la Amazing Stories, lililochapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji hao wakaanza kuandikiana wao kwa wao, wakaunda vyama na kutoa majarida yao madogo. Bunilizi za kisayansi zilipoingia katika televisheni, mazoea hayo yalihamia huko: jarida la kwanza la mashabiki wa Star Trek, Spockanalia, lilitolewa mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya mfululizo huo kuanza kuonyeshwa.

Kinachoyatofautisha mapitio ya sehemu na uhakiki wa kawaida ni kwamba mwandishi wake hajui mwisho. Mhakiki wa riwaya hushika kitabu kizima mkononi; anajua nani atakufa na nani ataoa. Shabiki hutoa hukumu akiwa katikati ya safari. Kwa sababu hiyo mapitio yake hulazimika kufanya mambo ambayo uhakiki wa darasani hauyahitaji sana: kukumbusha yaliyotangulia, kupima kama sehemu mpya inaafikiana nayo, na kubashiri yajayo. Kosa kubwa kwa shabiki ni mfululizo kujikana. Ikiwa sehemu ya tatu ilisema kwamba chombo hakiwezi kupenya moto, kisha sehemu ya tisa ikakipitisha motoni bila maelezo, shabiki hatasamehe, hata kama michoro ni mizuri kupindukia. Bunilizi ya kisayansi humpa mtunzi uhuru wa kuvunja sheria za maumbile, lakini humdai azitii sheria alizozitunga mwenyewe.

Kuna pia adabu ya kutotoboa siri. Anayeandika mapitio hutakiwa asifichue mwisho kwa wasiotazama. Adabu hii yastahili kutafakariwa na mwanafunzi wa fasihi simulizi, kwa sababu inapingana moja kwa moja na desturi ya utambaji. Katika ngano za Wadigo na Waduruma, kama zilivyo za jamii nyingine, sehemu kubwa ya hadhira huujua mwisho tangu utotoni. Anayeitikia mwito wa mtambaji hasubiri kujua kama sungura atamshinda fisi. Anasubiri kuona mtambaji huyu, usiku huu, atamshindisha vipi. Uhakiki wa hadhira hiyo huangukia sauti, nyimbo, ishara na uchangamfu. Hapo pana maadili mawili ya uhakiki: moja linalinda taharuki, jingine linapima ufundi taharuki ikiwa imekwisha kuondoka.

Maadili hayo mawili yamekutana katika kibanda cha video. Kwa miaka mingi watazamaji wa Afrika Mashariki wameziona filamu za kigeni kupitia sauti ya msimulizi anayezifasiri kwa Kiswahili juu ya sauti asilia. Nchini Tanzania alivuma Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu; nchini Kenya amevuma DJ Afro. Msimulizi wa aina hii hafasiri tu. Hutania, huwapa wahusika majina ya kienyeji, huwakemea kwa upumbavu wao na kuwasifu kwa ujasiri wao. Kwa maneno mengine, mapitio yanafanyika wakati uleule kazi inapotazamwa, na yanafanyika kwa Kiswahili. Hoja kwamba Kiswahili hakina lugha ya kuzungumzia filamu za kisasa haiwezi kusimama mbele ya ushahidi huu. Kinachokosekana ni kuyahamishia mazungumzo hayo katika maandishi.

Jina Uhura

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Katika Star Trek ya mwaka 1966 mlikuwa na afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aitwaye Uhura. Kwa masimulizi ya Nichelle Nichols aliyemwigiza, jina hilo lilitokana na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru (1962), inayohusu Kenya, ambayo alikuwa nayo siku alipokwenda kujaribiwa. Mfululizo huo ulifanywa katuni mwaka 1973 na 1974, ukapata sehemu 22, naye Nichols akaendelea kumpa Uhura sauti yake. Sehemu ambayo mashabiki huirejelea mara kwa mara wanapomzungumzia mhusika huyu ni ‘The Lorelei Signal’ ya mwaka 1973. Ndani yake wanaume wa chombo wanapumbazwa na kunyonywa nguvu na wanawake wa sayari ngeni, naye Uhura anatwaa uongozi wa chombo na kupanga uokozi.

Mapitio mengi hutoshelezwa na jambo hilo: hatimaye mwanamke huyu ameongoza. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuongeza swali la kisarufi. Kwa nini uhuru ukageuzwa kuwa ‘uhura’? Katika lugha kadhaa za Ulaya irabu ‘a’ mwishoni mwa jina huashiria jinsia ya kike. Kiswahili hakina kanuni hiyo. ‘Uhuru’ ni nomino dhahania isiyojua mume wala mke, na ‘uhura’ si neno. Jina la mhusika limechukuliwa kutoka Afrika Mashariki, likavishwa sarufi ya kwingine. Wala hili si suala la katuni pekee. Tarehe 12 Desemba 1970, katika maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, bila kubadilishwa herufi hata moja.

Kizazi moto na jivu lake

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tarehe 5 Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto: Generation Fire, mkusanyiko wa katuni 10 za kisayansi zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini, zikiongozwa na Waafrika wa nchi mbalimbali. Raymond Malinga wa Uganda aliongoza ‘Herderboy’, inayohusu wachungaji wa ng’ombe ambao miili yao imeunganishwa na mitambo. Ng’endo Mukii wa Kenya aliongoza ‘Enkai’, jina ambalo ni la Mungu katika lugha ya Wamaasai. Mwanafunzi wa Kwale hatababaika na umbo la kazi hii. Kila katuni inajitegemea, kama hadithi za Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine zilizotahiniwa katika shule za upili za Kenya. Hapa hakuna cha kubashiri. Mhakiki hupima kila hadithi kivyake, kisha huuliza kwa nini zimewekwa pamoja.

Jibu la swali hilo limo katika anwani, na anwani ni ya Kiswahili. Kiingereza kinachoandamana nayo kinaeleza kizazi na moto, basi. Sikio la Kiswahili husikia zaidi. Kwanza, ‘kizazi moto’ kimeundwa kama ‘maji moto’, hivyo ni kizazi chenye joto, kilichochemka; ‘kizazi cha moto’ kingekuwa jambo jingine. Pili, na hili ndilo zito, maneno ya uzazi na moto yakikaribiana, Mswahili hukumbuka kwamba moto huzaa jivu. Methali hiyo hutajwa pale mzazi shujaa anapopata mtoto asiyefaa. Anwani iliyokusudiwa kuwa sifa imebeba onyo ndani yake, pengine bila waandaaji kukusudia. Mapitio yanayoliona onyo hili yanaweza kuiuliza kila sehemu: je, vijana hawa wanaoonyeshwa na nguvu na mitambo yao ni moto au ni jivu la waliowatangulia? Katika ‘Enkai’ swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa binti anajifunza uumbaji kwa mama yake wakati dunia iliyoumbwa inaharibika.

Katuni nyingine ya mkusanyiko huo inaitwa ‘Hatima’. Inahusu uhasama wa watu wa baharini na watu wa nchi kavu. Anwani hii nayo ina maana mbili ambazo Kiingereza hulazimika kuzitenganisha: mwisho wa jambo, na majaliwa ya mtu. Mtazamaji wa Gazi au Shimoni atakuwa na la kusema pia juu ya bahari yenyewe. Kwake bahari ina pepo za kusi na kaskazi, miamba, mikoko, na visa vya majini vinavyosimuliwa na wavuvi. Anaweza kuhukumu kama bahari ya katuni ni bahari au ni rangi ya samawati tu. Vivyo hivyo, anayeitazama ‘Enkai’ akiwa Msambweni, ambako machimbo ya titani yalifanya kazi kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, hana haja ya kuelezwa ardhi iliyofukuliwa inafananaje. Naye wa Kinondo anaijua kaya, msitu ambao wazee wameulinda kwa miiko, na ambao pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Isidhaniwe kwamba utanzu huu ni mgeni katika Kiswahili. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mhusika mkuu anahukumiwa na kurushwa angani ndani ya chombo kinachokusudiwa kumwua, naye akafikia jamii nyingine. Jina lake ni Dzombo, ambalo wenyeji wa Kwale hulitambua kama jina la mlima na la kaya. Riwaya hiyo imehakikiwa vyuoni kama tashtiti ya kisiasa, na ndivyo ilivyo. Ila ni vigumu kumkuta mhakiki aliyeuliza maswali ya shabiki: chombo hicho kinaendeshwaje? Sheria zake ni zipi, na je, mtunzi alizitii?

Shabiki wa Ukunda angeanzia hapo. Na kama jarida la chama cha Kiswahili lingemtengea kurasa mbili katika kila toleo, sehemu moja ya katuni kwa kila mapitio, huenda hata mvutano wa ‘sehemu’, ‘kipindi’ na ‘episodi’ ungeamuliwa na matumizi ya waandishi hao kabla kamati yoyote ya istilahi haijaketi.