Kangaruu si ya joto tu

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alijifungua kabla ya wakati, mtoto akiwa na kilo moja na nusu. Nilipokwenda wodini nilimkuta analia, nikadhani mtoto amezidiwa. Kumbe hapana. "Kila wakinionyesha naona kama mtoto wa mtu," aliniambia. Siku nne alikuwa akimwona kwenye kioo cha mashine ya joto tu.

Nasoma ualimu. Kwenye saikolojia ya elimu tulimsoma John Bowlby, kwamba mtoto hushikamana na mlezi wake. Nikakariri, nikafanya testi, nikasahau. Sikuwahi kuwaza kwamba mzazi naye anaweza kuchelewa kumzoea mtoto, na kwamba ipo huduma ya kumsaidia.

Wodini wanaiita kangaruu. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona mashine hazitoshi na njiti wanabanana humo. Akawarudisha vifuani mwa mama zao. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeukia upande apate kupumua, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha anafungwa kanga. Shirika la Afya Duniani linataka akae hapo saa 8 hadi 24 kwa siku. Yaani si kumpakata kidogo halafu ukaendelea na mambo yako.

Na inaokoa. Katika utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, njiti walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiriwa kwanza hali itulie walikuwa asilimia 15.7.

Lakini nilichokiona mimi ni kingine. Nesi mmoja wa makamo aliweka mikono yake juu ya mikono ya mwenzangu. "Mwanangu, huyu havunjiki. Mshike." Akakaa naye karibu nusu saa, akimwonyesha namna ya kufuatilia pumzi na kuitambua njaa kabla mtoto hajalia. Kwangu hiyo ndiyo huduma yenyewe. Kanga zipo, adimu ni mtu wa kukaa na wewe nusu saa, hasa nesi akiwa peke yake na wodi nzima.

Siku ya tatu mwenzangu alianza kumwita mtoto kwa jina.

Baba wa mtoto, mwanachuo mwenzetu, alikuwa amerudishwa mlangoni: wanaume mwisho hapa. Hata baba anaweza kubeba kangaruu, kifua ni kifua. Yakikukuta, mwombe nesi wa zamu kwa upole, usiondoke kimyakimya. Yeye aliomba. Jumapili akaruhusiwa, akavua shati, akafungwa kanga ya mama mkwe, akakaa ameganda kama yuko chumba cha mtihani. Mwenzangu akalala saa mbili mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.