Kidole cha Sita

Paukwa! Nikisema hivyo mnajibu pakawa, hata wewe mkubwa uliyejificha nyuma na simu. Hadithi ya leo ina nzi, kuku, kondoo wa jicho moja na kalunguyeye, ila inaanzia mkononi mwangu. Tazameni hapa, pembeni mwa kidole cha mwisho. Mnaona kinundu, kama punje ya mtama chini ya ngozi? Hapo palikuwa na kidole cha sita. Hakikuwa na mfupa wa maana, kilining'inia tu, na nyanya yangu alikifunga kwa uzi mweusi hadi kikakauka na kudondoka. Siku hizi mtoto wa namna hiyo hupelekwa kwa daktari, maana uzi unaweza kuleta kidonda, au ukaacha kinundu kama hiki changu. Kwetu Afrika kidole cha sita upande huu wa mkono si jambo la ajabu. Ulizeni mitaani kwetu, kuanzia Lumumba hadi Ofafa Jericho, sidhani mtakosa mwenye alama yangu.

Nilipokuwa na umri wenu nilisumbua watu na swali moja: kidole kinajuaje? Gumba linajuaje kuwa lenyewe ni gumba, likae huku, na kile chembamba kikae kule?

Twendeni soko la Jericho jioni, pale mama anapokaanga samaki. Ukisimama karibu na karai, macho yanawasha na shati lote linanuka. Rudi nyuma hadi kwa muuza viazi, harufu ipo lakini inavumilika. Ukifika barabarani, unanusa kidogo tu, au labda njaa inakudanganya. Sasa nifungeni kitambaa machoni, mnizungushe, mniache popote. Kwa pua peke yake nitawaambia nimesimama wapi.

Mkono nao ulijipanga kwa pua. Ulipokuwa na wiki nne hivi tumboni mwa mama yako, hata punje ya mchele ulikuwa hujaifikia, na mkono wako ulikuwa kichipukizi tu kama kasia dogo. Kwenye ukingo wake wa nyuma palikuwa na seli zinazopika protini na kuiachilia itambae kwenda mbele. Hilo ndilo karai. Seli zilizo karibu zilipata harufu kali, tena kwa muda mrefu, zikawa vidole vya upande huu. Zilizo mbali zilipata kidogo, zikawa kidole cha shahada. Gumba liliota bila kuhitaji harufu hiyo kabisa. Kidole cha mwisho, hicho mnachokidharau, kimetokana na seli za jikoni kwenyewe, zile zile zilizokuwa zikipika.

Mtu akiniambia maneno haya bila ushahidi nitamwambia anatunga. Ushahidi uko kwa kuku. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Saunders na Mary Gasseling, walieleza walivyokata kidirisha kwenye ganda la yai, wakachukua kipande kidogo sana cha ukingo wa nyuma wa bawa changa, wakakipandikiza kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kifaranga mwingine. Ni kama kuleta karai la pili na kuliweka upande wa pili wa soko. Bawa la kuku lina vidole vitatu. Lile liliota vitatu vya kawaida, na vingine vitatu vikielekea upande wa pili, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Kwa hiyo karai lipo. Ila samaki mwenyewe ni nani, hilo lilichukua miaka 25 mingine.

Jibu lilitoka kwa nzi. Si hawa wa chooni, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Kule Heidelberg, Ujerumani, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichambua maelfu ya vibuu vya nzi hao vilivyoharibika, wakitafuta jeni zinazopanga mwili. Kibuu mzima ana mistari ya vimiiba tumboni, na kati ya mstari na mstari pana ngozi laini. Kimoja walichokiona kilikuwa kifupi, kinene, tumbo lote vimiiba. Wakaiita jeni iliyoharibika hedgehog, kalunguyeye kwa Kiingereza. Waliandika hayo mwaka 1980, na mwaka 1995 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis.

Mwaka 1993 wanasayansi wakatangaza kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wana jeni za ukoo huo huo, na wakataja tatu. Mbili zilipewa majina ya kalunguyeye wa kweli, wa jangwani na wa India. Ya tatu, kijana mmoja katika maabara ya Cliff Tabin huko Marekani aliipa jina la Sonic, yule wa buluu wa michezo ya video ya Sega. Jamani! Mimi nacheka, lakini mfikirieni daktari anayepaswa kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ni mgonjwa kwa sababu ya Sonic hedgehog. Na Sonic huyo ndiye samaki wetu. Walipomweka kwenye ukingo wa mbele wa bawa changa la kuku, vidole vya kioo vikatokea tena.

Seli inanusaje? Mlangoni ina askari aitwaye Patched, na kazi yake ni kumshika shati kijana mtundu aitwaye Smoothened asiingie. Sonic akifika, humshughulisha askari. Smoothened anachomoka, habari inafika ndani kwa wasomaji wanaoitwa GLI, nao wanafungua kurasa za jeni zinazohitajika. Msomaji mmoja, GLI3, kazi yake kubwa mkononi ni kuzuia vidole visizidi. Akiharibika, kidole huweza kuzidi. Si yeye peke yake mwenye lawama, lakini nikishika kinundu changu huwa namfikiria yeye.

Sasa kondoo. Miaka ya 1950, wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakizalishiwa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Wataalamu wa kilimo walihangaika miaka mingi hadi wakalikamata jani lenyewe, mmea wa milimani ambao kondoo jike akiula siku ya 14 ya mimba, mtoto huharibika. Sumu yake iliitwa saiklopamini, kwa jina la lile jitu la jicho moja katika hadithi za Wagiriki. Sababu ilijulikana mwaka 1998. Sehemu ya macho huanza ikiwa moja, na Sonic ndiye anayeipasua katikati. Saiklopamini humfunga Smoothened kamba. Sonic anabisha hodi, ndani hakuna anayesikia.

Na askari akilala? Jua kali likiharibu jeni ya Patched kwenye seli ya ngozi, mlango hubaki wazi na seli huzaana kama vile Sonic yuko hapo kila dakika. Hiyo ni aina mojawapo ya saratani ya ngozi. Jua huwaumiza zaidi watu wenye ualbino, wasio na rangi ya kuwakinga, ndiyo maana mwenzenu huja uwanja wa Camp Toyoyo na kofia pana na mikono mirefu wakati nyinyi mko vifua wazi. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ile, vismodegibu. Inafanya nini? Inamfunga Smoothened, kama jani la Idaho. Mama mjamzito hapewi dawa hiyo hata kidogo. Mnajua kwa nini, mmeshamwona mwanakondoo.

Kalunguyeye mwenyewe yupo hapa Kenya, hutoka usiku kula wadudu. Ukimkuta, usimpeleke nyumbani. Atajikunja mpira, nawe chuchumaa umngoje bila kelele hadi ajikunjue na kuanza kutembea. Umulike miguu ya nyuma kwa tochi, uhesabu vidole. Utahesabu mara ya pili ukidhani umekosea, maana mguu wa nyuma wa kalunguyeye wetu una vidole vinne.