"Niombeeni": Tujifunze Kujiombea na Kuwaombea Wengine



Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, kuna ombi moja tunalolisikia karibu kila juma: "Niombeeni." Analisema mama anayemuuguza mtoto. Analisema kijana anayeshuka kwenye duara alfajiri kutafuta dhahabu, na mke wake anayebaki nyumbani akimsubiri. Nasi huitikia, "Tutakuombea." Lakini mara nyingi tukifika nyumbani tunasahau, au tunakosa la kusema. Tusione aibu kukiri hivyo. Wanafunzi wa Yesu walikulia katika sala za Kiyahudi, na hata hivyo mmoja wao alimwomba Bwana awafundishe kusali (Lk 11:1).

Kujiombea si ubinafsi

Wapo wanaodhani kwamba Mkristo mwema huwaombea wengine tu. Bwana wetu alijiombea katika bustani ya Gethsemane. Alimweleza Baba uchungu wake, akaomba kikombe kile kimwepuke, kisha akayapokea mapenzi ya Baba (Mt 26:36-46). Hapo tunajifunza mambo matatu: kusema ukweli, kuomba, na kujikabidhi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaongeza kwamba sala ya kuomba huanza na kuomba msamaha (KKK 2631).

Hivyo mchimbaji anaweza kusali kwa maneno machache: "Baba, nisamehe dhambi zangu. Naogopa kushuka leo, lakini watoto wanahitaji chakula. Utulinde mimi na wenzangu, utujalie riziki ya halali. Maisha yangu nayaweka kwako." Sala hiyo inatosha. Haihitaji sauti kubwa, wala hainunuliwi kwa fedha. Wala sala si hirizi: aliyekwisha kusali bado ana wajibu wa kukagua magogo yanayoshikilia kuta za duara kabla ya kushuka.

Kumbeba mwenzetu

Injili inasimulia habari za watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza. Walipozuiwa na umati, walifungua dari wakamshusha mbele ya Yesu, naye akaitazama imani yao (Mk 2:1-12). Huko ndiko kuombeana: kumfikisha kwa Kristo mtu ambaye kwa wakati huo hawezi kufika peke yake.

Watu wa ukanda wetu wanaielewa picha hiyo. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Mmoja wao alifariki humo chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Aliyefukiwa hujitahidi kuishi, lakini hutolewa kwa mikono ya wengine. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyefukiwa na msiba, ulevi, deni au kukata tamaa. Anapokosa nguvu ya kusali, jumuiya husali kwa niaba yake.

Ili tusiishie kwenye ahadi, tufanye hivi. Kwanza, tumuulize mwenzetu anataka tumwombee nini. Pili, tumtaje kwa jina mbele za Mungu siku hiyo hiyo, na ikiwezekana kabla hatujaachana naye. Tatu, tuiambatanishe sala na tendo: ndoo ya maji, unga, au kumsindikiza hospitali. Nne, tumtunzie siri. Ugonjwa wa mtu au mgogoro wa ndoa yake si habari ya kutangazwa jumuiyani pasipo idhini yake.

Misa nayo inatufundisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, uliagiza kurejeshwa kwa Sala ya Waamini. Humo tunaliombea Kanisa, viongozi wa nchi, wenye shida mbalimbali, na jumuiya yetu. Mpangilio huo unafaa hata kwa sala ya jioni nyumbani.

Kumwombea anayetuudhi

Hapa ndipo penye mtihani. Tumewahi kusikia watu wakisali ili jirani wanayemshuku apatwe na mabaya. Sala ya namna hiyo ni hatari hasa kwetu. Katika ukanda huu bibi zetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yamechoshwa na moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa ushirikina wa kusaka utajiri. Anayemtaja jirani kwa Mungu ili aangamizwe amekwisha kumhukumu moyoni. Kristo ametuamuru kuwaombea wanaotutesa (Mt 5:44).

Tunao mfano wa karibu. Tarehe 26 Februari 2023, Kanisa Kuu la Bikira Maria Malkia wa Amani, Geita, lilivamiwa na kunajisiwa. Askofu Flavian Kassala alilifunga hadi tarehe 18 Machi kwa ajili ya toba na malipizi. Neno "malipizi" lina mzizi mmoja na "kulipiza", lakini njia zake ni tofauti kabisa. Anayelipiza kisasi humrudishia mkosaji maumivu. Anayefanya malipizi humtolea Mungu upendo mahali palipotendwa uovu, akiomba rehema kwa ajili ya wote, akiwemo mkosaji.

Basi juma hili kila mmoja wetu ataje majina matatu katika sala yake: la kwake mwenyewe, la mtu aliyemwambia "niombee", na la mtu ambaye kumtaja kunamwia vigumu. Kwa jina hilo la tatu, tuanze kwa kuomba tu Mungu amtendee mema. Hata kama moyo bado ni mzito, Roho Mtakatifu hutusaidia katika udhaifu wetu, maana hatujui kuomba ipasavyo (Rum 8:26).

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.