Kupanga na Kutandika Reli ya Mfano: Gati la Kigoma Juu ya Ubao Mmoja

Ukanda wa Ziwa Tanganyika kutoka Bugarama hadi Rumonge, nchini Burundi, haujapata kupitiwa na reli; walakini ni ukanda uliofaidi reli ya jirani kwa zaidi ya miaka 100, kwa maana tangu njia iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipowasili Kigoma mwaka 1914, mali nyingi iliyovushwa ziwa kuja Urundi ilishushwa kwanza kutoka mabehewani katika gati lile, na kahawa ya kwetu ikapita papo hapo kwenda baharini. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu yao maalumu katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, ili shehena ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila ya kutozwa ushuru wa Tanganyika. Kwa hiyo mtu wa Bugarama atakaye kujenga reli ya mfano nyumbani kwake hana haja ya kuiga milima ya Uswisi iliyochorwa juu ya maboksi ya wauzaji: kiigizo chake kiko kusini, katika mwambao huu huu. Na kwa kuwa ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ulizinduliwa Agosti 2025, si vibaya kijana wa huku akajua jinsi reli inavyotandikwa kabla hajaiona.

Wengi huanza kwa kununua reli, ilhali hawajajiuliza treni itafanya kazi gani. Tangu mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipoanza kuuza reli za vipande vinavyounganishika na kuongezeka, duara limekuwa ndilo zawadi ya mtoto, nalo kwa mtoto halina ila. Lakini mtu mzima aliyeketi mbele ya treni inayozunguka huichoka kabla chai haijapoa, kwa sababu treni hiyo haitoki popote, haiendi popote, wala haichukui kitu. Fauka ya hayo, duara ni lafi wa nafasi: kona ndogo kuliko zote za reli iliyo mashuhuri huwa na nusu kipenyo cha sentimita 36, hivyo ubao wake hauwezi kupungua sentimita 80 kwa upana, na ukisukumwa ukutani, behewa lililoanguka upande wa nyuma halifikiki ila kwa kulalia nyumba na miti ya mfano. Bandari ndogo haina dhiki hiyo. Kazi yake ni kuleta mabehewa, kuyapanga, kuyasogeza mbele ya ghala au ya meli na kuyaondoa, na kazi hiyo yote hufanyika katika mstari mrefu mwembamba, sawa na ukanda wenyewe wa Bugarama uliobanwa baina ya maji na milima.

Kabla ya kuchora sharti uwiano ujulikane. Unaotumika zaidi duniani ni 1 kwa 87, ambao kwao reli pana ya milimita 1,435 huwa milimita 16.5, lakini Reli ya Kati ya zamani, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ni ya upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 hutoka milimita 11 na nusu, ambayo watengenezaji wameikamilisha kuwa 12. Anayetandika reli ya milimita 16.5 na kuiita Kigoma amejenga ile mpya inayokwenda Dodoma. Kwa uwiano huo huo kilomita 1,250 hivi za kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma zingekuwa zaidi ya kilomita 14, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na hii ni dalili kwamba reli ya mfano haiwezi kuwa nakala, ni muhtasari. Hata gati peke yake halitoshi ubaoni. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa na kuletwa Kigoma katika masanduku, ikaunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915, ina urefu wa mita 71, ambazo kwa uwiano wetu ni sentimita 82, theluthi nzima ya ubao wetu wa sentimita 244. Rai yangu ni kuonyesha tezi lake tu, na mwili uliobaki ukatwe pale ubao unapokwisha; jicho la mtazamaji litaujaza.

Ubao wenyewe ni jambo la seremala na halitaki maneno mengi. Karatasi ya plaiwudi ya kawaida ina sentimita 244 kwa 122, nayo ikipasuliwa kwa urefu hutoa mbao nne za upana wa sentimita 30 zenye kupunguka kidogo kwa njia ya msumeno. Mbao mbili zatosha: mmoja ni uwanja wa reli, wa pili hukatwa kuwa mbavu na ukingo wa chini ili wa kwanza usipinde, na hizo mbili zilizobaki auziwe jirani mwenye azma kama yako. Pimamaji iwekwe juu yake kwa urefu na kwa upana, maana behewa la mfano huteremka lenyewe katika mwinamo ambao jicho halikuuona. Kisha upakwe rangi juu, chini na kingoni, kwa kuwa mbao katika hewa ya ziwa hunywa unyevu wakati wa masika na kuutapika kiangazi, na kila zifanyapo hivyo reli iliyogongomewa juu yake huvutwa.

Sasa ramani. Mwingereza Alan Wright alibuni mpango mdogo uitwao Inglenook Sidings, nami sijaona mwingine unaotoa starehe nyingi katika nafasi chache kama huo. Una pointi mbili tu, yaani mahali pawili ambapo reli hugawanyika, na njia tatu za pembeni: moja yatosha mabehewa matano, na mbili zatosha matatu matatu. Upande wa pili wa pointi hizo ipo njia ya kushantia, yaani ya kusogezea mabehewa huku na huku, yenye urefu wa injini na mabehewa matatu, wala isizidi, kwa sababu ikiongezwa nafasi ya behewa moja tu, fumbo hulegea na ladha yake hupotea. Mabehewa huwa manane. Kila moja hupewa kipande chake cha karatasi, vipande hivyo hutiwa katika kofia, vitano hutolewa bila ya kutazama, na mshantaji hutakiwa kuyapanga mabehewa hayo matano katika njia ndefu kwa mfuatano ule ule yaliyotoka. Ukihesabu, la kwanza laweza kuwa lolote kati ya manane, la pili lolote kati ya saba, na kadhalika hadi la tano lenye nafasi nne, na 8 mara 7 mara 6 mara 5 mara 4 ni treni 6,720 tofauti. Mtu akiunda moja kila usiku atamaliza baada ya miaka 18.

Mpango huo huingia Kigoma kana kwamba ulichorewa huko. Njia ndefu na iwe ya gati, mbele ya winchi na tezi la Liemba. Ya pili iwe ya ghala la saruji. Ya tatu iwe ya chumvi ya Uvinza, na njia ya kushantia ipotee nyuma ya ukuta wa stesheni, kana kwamba inaelekea Tabora. Behewa la urefu wa sentimita 11 pamoja na vishikizo vyake lahitaji sentimita 55 za gati. Injini ya sentimita 15 na mabehewa matatu huhitaji 48. Pointi mbili zikipewa sentimita 20 kila moja, jumla haifiki 150. Basi katika ubao wa 244 husalia karibu mita nzima, na hapa ndipo wajenzi wengi huharibu, wakaongeza pointi ya tatu na ya nne. Nafasi tupu ni sehemu ya bandari. Mchanga, mtumbwi uliopinduliwa, wanawake wanaoanika dagaa: hayo ndiyo yatakayomwambia mtazamaji kwamba yuko Tanganyika, kuliko reli.

Ramani ichorwe kwa ukubwa wake halisi juu ya ubao wenyewe, kwa penseli, nayo ionyeshe mstari wa katikati ya kila njia. Bikari haifai kwa kona, kwani huchora duara linaloanza ghafla, na treni iliyokuwa ikienda moja kwa moja hurushwa upande mara moja. Chukua ubapa mwembamba wa mwanzi uliochongwa sawasawa, urefu wa mita moja, uuzuie kwa misumari miwili mahali ambapo njia bado ni nyofu, kisha usukume ncha yake taratibu mpaka ifike itakiwapo: mwanzi hupinda kidogo mwanzo, ukazidi katikati, nao ndio mkunjo ambao wahandisi wa reli kubwa huutafuta kwa hesabu nyingi. Nusu kipenyo kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa lako refu. Ikiwa kona ya kulia inafuatwa na ya kushoto, baina yake pawe na unyofu wa urefu wa behewa hilo, la sivyo vishikizo vitavutana kinyume na magurudumu yatapanda reli. Wala pointi isikae juu ya ubavu wa ubao, maana mtambo wa kuigeuza hupita chini yake.

Katika kutandika, reli za kupinda huuzwa kwa vipande vya kama yadi moja, zikiwa zimeshikwa na mataruma ya plastiki, na zikipindwa, ile ya ndani hujitokeza mbele ya ile ya nje. Kiasi cha kujitokeza huko huwashangaza hata mafundi: katika kona ya nyuzi 90, kwa reli ya milimita 12, huwa ni milimita 19 karibu, na ni hizo hizo kona ikiwa kali au pana, kwa sababu hutegemea upana wa reli na pembe iliyogeuzwa, si nusu kipenyo. Kona ikihitaji vipande viwili, vilehemiwe pamoja vikiwa vingali vimenyooka juu ya meza, ndipo vipindwe kama kimoja, kwani kiungo kilichofanywa juu ya kona hufanya kigongo, na mahali pa kigongo ndipo behewa litakapoanguka mbele ya wageni. Viungo vya njia nyofu viachwe bila ya lehemu, na mwanya wa unene wa kadi: reli ya nikeli-silva ya mita moja hurefuka theluthi ya milimita joto likipanda kwa nyuzi 20, na isipopata pa kwenda hujivimbisha upande. Kila hatua pima kwa kipande cha chuma kilichochongwa kwa tupa kuingia barabara baina ya reli mbili. Nafasi ikizidi kidogo katika kona si neno. Ikipungua, gurudumu hupanda.

Umeme ni wa volti 12 za mkondo wa mwelekeo mmoja, ambao hutoka reli moja, ukapita katika mota ya injini na kurudi kwa reli ya pili. Betri ya pikipiki iliyojazwa kwa paneli ya jua hutosha, na mwenye betri hajali umeme wa shirika la REGIDESO ukikatika. Lakini fyuzi iwe ya kwanza kufungwa, karibu na betri, kwa sababu bisibisi ikiangukia reli mbili, betri itaunguza waya bila ya huruma. Kila kipande cha reli kipate waya wake kutoka chini ya ubao, usitegemee kiungo cha bati kupitisha umeme, kwani baada ya masika mawili hushika kutu na injini husita hapo daima.

Yabaki kokoto. Mchanga wa ziwani hufaa sana ukioshwa, ukakaushwa na kupitishwa katika chujio la chai, lakini kwanza usambazwe juu ya gazeti na sumaku ipitishwe juu yake mara kadhaa, kwa kuwa mchanga wenye chembe nyeusi huwa na madini ya chuma, ambayo hurukia sumaku iliyomo ndani ya mota na kuisaga. Ukiisha safika, utandazwe kwa brashi baina ya mataruma, mbali na ndimi za pointi, urushiwe maji yenye tone la sabuni, kisha udondoshewe gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Hukauka siku ya pili, na baada ya hapo reli haing'oki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo kokoto zisiguswe kabla mabehewa yote manane hayajasukumwa na injini kinyumenyume, polepole, kupita pointi zote mbili na kuingia njia zote tatu, pasianguke hata moja. Likianguka, usilaumu behewa, chukua kipimo chako urudi kwenye reli.