Kabla ya Parokia Kununua Makalavati

Kila baada ya masika tunapokea barua za namna moja kutoka kamati za parokia: barabara imekatika, kabichi zinaozea shambani, tunaomba saruji na makalavati. Wafadhili wetu nao huuliza: je, hiyo si kazi ya Serikali? Wote wana haki ya kujibiwa.

Tuchukue eneo la Mzumbe. Hapo inapita barabara kuu ya lami iendayo Iringa. Karibu yake, pale Sangasanga, inachepuka barabara ya Mlali inayopanda Mgeta hadi Langali na Kikeo, kunakotoka viazi, karoti na njegere. Hizo mbili zinahudumiwa na TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Njia za vijijini zinazoziunganisha, ambazo zamani zilikuwa za halmashauri, tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Basi kamati ianze kwa kuuliza barabara ni ya nani. Barua ikienda kwa asiyehusika hukaa mezani tu.

Fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, na chanzo chake kikubwa ni tozo ya mafuta. Muumini anayepanda bodaboda kwenda Mlali amekwisha kuchangia! Kwa miaka mingi mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa za wilaya, ingawa za wilaya ni zaidi ya kilomita 100,000 na zile nyingine hazifiki 40,000. Mwaka 2021 tozo iliongezwa sh. 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Bado haitoshi, na kule Uluguru mtaro ukiziba siku chache tu, maji huchukua barabara.

Kazi hutolewa kwa zabuni, na tangu mwaka 2023 zabuni hizo hupitia mfumo wa mtandao uitwao NeST. Sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Hapa kamati zetu zimelala. Kuzibua mitaro na kufyeka kandokando ni kazi ambayo kikundi cha VICOBA cha parokia kinaiweza, kikisajiliwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanzia.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Katika kijiji kimoja tulinunua makalavati kwa fedha za wafadhili bila kumwona mhandisi. Yalikuwa membamba. Masika ya kwanza maji yalipita juu, kisha greda lilipokuja likafukua yote. Hatukuwa tumeandikiana na mtu yeyote, hivyo hatukuwa na wa kumdai.

Tangu hapo hatutoi mchango wa barabara bila barua ya mhandisi yenye vipimo, bei za wauzaji watatu, na muhtasari wa mkutano wa kijiji. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, hivyo ombi lipite serikali ya kijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Krismasi. Nakala tuletewe ofisini.