Wafu Wasiohesabiwa wa Puerto Rico

Kimbunga Maria kilipoikumba Puerto Rico tarehe 20 Septemba, 2017, umeme ulizimika kisiwa kizima. Kwa miezi mingi serikali ilishikilia kwamba waliofariki ni 64 tu. Je, ndugu msomaji, mgonjwa wa figo anayekufa kwa kukosa umeme wa mashine ya kusafishia damu huuawa na nani? Wengi wa aina hiyo hawakuhesabiwa. Agosti 2018, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington, idadi rasmi ilipandishwa hadi 2,975. Hao ni raia wa Marekani tangu 1917, ingawa wakaao kisiwani hawampigii rais kura. Rais Donald Trump alipowazuru aliwarushia karatasi za kupangusia mikono. Mwaka uliofuata akaikana hesabu hiyo mpya.