Kisu au Mionzi? Aamue Mwenye Mwili, Siyo Nauli



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, posho, buti na saa za ziada. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wanaume hulinong'ona tu nyuma ya karakana, nalo ni saratani ya tezi dume. Tumeona yafaa kulisema wazi kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa huu huwapata hasa wanaume waliopita umri wa miaka 50, yaani wenzetu waliokaa kazini muda mrefu na wanaotegemewa na watu wengi. Pili, mgonjwa anapoambiwa achague tiba, mara nyingi anayechagua si yeye. Huchagua nauli ya basi, au hofu ya kufukuzwa kazi. Hapo ndipo ugonjwa wa mtu mmoja unapokuwa jambo la chama.

TEZI NI KITU GANI

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mzee anapoamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, mara nyingi tezi imekua tu kwa sababu ya umri, na hiyo siyo saratani. Lakini saratani nayo yaweza kukaa humo miaka mingi bila maumivu yoyote. Kwa hiyo daktari hupima damu kwa kipimo kiitwacho PSA, huigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na akiwa na shaka huchukua vipande vidogo vya nyama kwa sindano ili vichunguzwe. Vipande hivyo ndivyo vinavyothibitisha ugonjwa.

Jibu likirudi kwamba ni saratani, swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, imetoka nje ya tezi? Ikiwa imefika kwenye mifupa, tiba kubwa ni kuzuia homoni ya kiume inayoilisha, kwa sindano au kwa kuondoa makende. Wengi wetu huchelewa na kufika hospitali katika hali hiyo. Lakini ikiwa saratani ingali ndani ya tezi, mgonjwa ana nafasi ya kuchagua. Makala hii ni kwa ajili yake.

OPERESHENI IPI?

Kabla hatujaendelea, tuondoe mkanganyiko mmoja. Mtu akiambiwa "utafanyiwa operesheni ya tezi", yaweza kuwa mambo matatu tofauti. Kuna operesheni ya kufungua njia ya mkojo iliyobanwa. Hiyo haiondoi saratani yote. Kuna ile ya kuondoa makende, ambayo hupunguza homoni lakini huiacha tezi mahali pake. Na kuna ile ya kuitoa tezi nzima, ambayo ndiyo inayolenga kuiponya saratani. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujaambiwa ni ipi kati ya hizo tatu, na kwa nini.

TAKWIMU ZINASEMA NINI

Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume 1,643 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wa kundi la kwanza walitolewa tezi. Wa pili walipigwa mionzi. Wa tatu hawakutibiwa mara moja, bali walipimwa mara kwa mara, na tiba ikaanza pale tu ilipohitajika. Matokeo ya baada ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45 kati ya wote, yaani chini ya watu 3 katika kila 100. Kundi la kisu na kundi la mionzi hawakutofautiana kwa kiasi cha kusema tiba hii imeshinda ile. Katika kundi la kusubiri, saratani ilisambaa kwa watu 9 hivi katika 100, ilhali katika makundi mengine mawili ilisambaa kwa watu 5 hivi.

Tusiimeze habari hiyo bila kutafuna. Karibu wote wale walikuwa Wazungu, na saratani yao iligunduliwa mapema kwa kupimwa damu. Huko huko Uingereza, wanaume weusi hupata saratani hii mara mbili zaidi ya wenzao. Kwa hiyo asiwepo wa kukwambia usubiri tu bila kukueleza kiwango cha ukali wa saratani yako na jinsi utakavyopimwa. Lakini funzo moja tunaweza kulichukua: kwa saratani iliyo bado ndani ya tezi, kisu na mionzi huokoa maisha karibu sawa. Tofauti iko katika madhara yanayobaki mwilini, na katika siku za kazi zinazopotea.

UPANDE WA KISU

Anayetolewa tezi hulazwa siku chache, kisha hurudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Kwa wiki sita hivi haruhusiwi kubeba mzigo mzito. Faida yake ni kwamba tezi yote huchunguzwa, na PSA hutakiwa kushuka karibu na sifuri. Ikianza kupanda tena, mionzi yaweza kuongezwa. Kinyume chake ni vigumu: tezi iliyokwisha kupigwa mionzi haikatwi kwa urahisi.

Hasara kubwa ni mkojo na unyumba. Katika uchunguzi ule wa Uingereza, miezi sita baada ya operesheni watu 46 katika 100 walikuwa wakivaa pedi kwa sababu ya mkojo kuvuja. Baada ya miaka sita walibaki 17. Kwa waliopigwa mionzi walikuwa 5, kisha 4. Kuhusu nguvu za kiume, kabla ya tiba watu 67 katika 100 waliweza kukutana na wake zao. Miezi sita baada ya operesheni waliweza 12 tu, na baada ya mionzi 22. Yako mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yanayosaidia kuzuia mkojo. Yaanze hata kabla ya operesheni.

UPANDE WA MIONZI

Mionzi haiumi. Mgonjwa hulala chini ya mashine dakika chache, kisha huenda zake. Wala haiachi sumu mwilini mwake: aliyepigwa mionzi na mashine ya nje anaweza kula na wanawe na kumpakata mjukuu siku hiyo hiyo. Haihitaji nusukaputi, hivyo yafaa kwa mwenye ugonjwa wa moyo au mzee asiyeweza kustahimili kisu. Lakini huchosha, huwasha njia ya mkojo, na huweza kusumbua njia ya haja kubwa, pengine hata miaka mingi baadaye. Mwenye mkojo uliobanwa sana aseme mapema, kwani mionzi yaweza kuuzidisha.

Mara nyingi mionzi huambatana na sindano za kuzuia homoni, kwa miezi sita, na kwa saratani kali hata miaka miwili au mitatu. Sindano hizo huondoa hamu ya unyumba, huleta joto la ghafla mwilini, na hupunguza nguvu za misuli. Karani ataweza kuendelea na kazi yake. Lakini mkata miwa au mbeba magunia aulize mapema: nitakuwa na nguvu kiasi gani, na kwa muda gani?

HESABU YA SIKU NA SHERIA

Hapa ndipo penye uchungu wetu. Mashine za mionzi ziko mahali pachache. Hapa Uganda wengi hupelekwa Taasisi ya Saratani iliyoko Mulago, Kampala. Mashine ya huko ilipoharibika mwaka 2016, baadhi ya wagonjwa walilazimika kupelekwa Nairobi, mpaka mashine mpya ilipozinduliwa mwaka 2018. Mchuma chai wa karibu na Fort Portal yuko mbali na Mulago kwa karibu kilomita 300. Hawezi kwenda na kurudi kila siku. Lazima apate mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kumwangalia.

Tiba ya mionzi hutolewa siku tano kwa wiki. Kwa utaratibu wa zamani wa siku 37 ni wiki saba na nusu, bila kuhesabu siku za vipimo na matayarisho. Sasa tuisome Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Inasema mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini akiugua, kwa mwezi wa kwanza atalipwa mshahara kamili pamoja na haki zake nyingine. Lakini ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba, mradi atimize masharti ya mkataba huo. Hesabu mwenyewe, ndugu. Wiki saba na nusu, pamoja na vipimo, zinamfikisha mgonjwa kwenye ukingo huo huo. Anatoka kwenye mashine akiwa amechoka, na barua inamngoja getini.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Uchunguzi mwingine wa Uingereza wa wanaume 3,216, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba siku 20 za mionzi yenye kipimo kikubwa zaidi kwa siku hazikuwa dhaifu kuliko siku 37. Siku 20 ni wiki nne. Si kila mashine wala kila mgonjwa anafaa kwa utaratibu huo, na mwenye kuamua hapo ni daktari. Lakini kuuliza ni haki yako, na jibu laweza kuokoa kazi yako.

WAKUBWA WALICHAGUA VIPI

Mzee Nelson Mandela aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 2001, akiwa na miaka 83, akapigwa mionzi kwa wiki saba. Jenerali Colin Powell wa Marekani, aliyekuwa na miaka 66, alichagua kisu mwezi wa Desemba 2003. Mandela aliishi mpaka mwaka 2013, na Powell mpaka 2021, na wote wawili walikufa kwa maradhi mengine. Watu wawili hawawezi kuthibitisha kitu. Lakini tuone hili: kila mmoja alichagua kwa kuangalia umri wake na mwili wake. Hakuna aliyeuliza nauli ni shilingi ngapi, wala nyapara atasema nini. Nasi twataka mbeba magunia wa Jinja achague vivyo hivyo.

KAZI YA TAWI

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa kamati za matawi wakati wa kujadili mapatano ya pamoja. La kwanza, mfanyakazi aliye katikati ya tiba ya saratani asiachishwe kazi mpaka tiba iishe na daktari aandike hali yake. Sheria imeweka kiwango cha chini tu; mapatano yanaweza kupita hapo. La pili, anayerudi kutoka operesheni apewe kazi nyepesi kwa wiki sita, asipewe gunia la kilo 50. La tatu, awekwe karibu na choo, na aruhusiwe kwenda bila kuomba ruhusa mbele ya kundi zima. La nne, mfuko wa kusaidiana uhesabu nauli na malazi ya mgonjwa wa mionzi, kama unavyohesabu gharama za msiba. Tumezoea kumchangia marehemu. Tumchangie na aliye hai.

MASWALI YA KUPELEKA KWA DAKTARI

Saratani iliyo ndani ya tezi kwa kawaida haiendi mbio. Unazo wiki kadhaa za kufikiri. Onana na daktari wa upasuaji na pia daktari wa mionzi, kwani kila fundi husifu chombo chake. Nenda na mama watoto, maana yeye pia ataishi na matokeo. Waulize hivi:

1. Je, saratani yangu imetoka nje ya tezi? Ni kali kiasi gani?
2. Je, naweza kusubiri huku nikipimwa? Nitapimwa wapi, na kila baada ya muda gani?
3. Ni operesheni ipi hasa? Wewe umeifanya mara ngapi?
4. Mionzi ni siku ngapi? Je, siku 20 zinanifaa? Nitadungwa sindano za homoni, na kwa muda gani?
5. Kazi yangu ni ya kubeba au kukata. Nitarudi lini, na utaniandikia barua kwa mwajiri?
6. Saratani ikirudi, itabaki njia gani?

Kata ukurasa huu, uuweke pamoja na kadi ya hospitali. Barua ya daktari usimpelekee nyapara peke yako. Pitia kwanza kwa katibu wa tawi, muisome pamoja, mhifadhi nakala. Na kama wewe ni mzima lakini umepita miaka 50, au baba yako au ndugu yako aliugua ugonjwa huu, muulize daktari juu ya kupimwa sasa. Nafasi ya kuchagua hupewa aliyewahi.